Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kipimo cha Manufaa ya Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori

Kila mwaka wajumbe waliochaguliwa na vijiji vinavyounda Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, zinazojulikana zaidi kwa kifupi cha WMA, hukutana kupokea taarifa ya kazi na taarifa ya fedha za jumuiya zao. Mara nyingi mkutano huo huonekana kuwa shughuli ya kawaida: ajenda husomwa, taarifa hupokelewa, wajumbe hurejea vijijini mwao. Hata hivyo, hapo ndipo panapopaswa kujibiwa swali kubwa kuliko yote katika uhifadhi shirikishi. Mwananchi aliyeridhia sehemu ya ardhi ya kijiji chake itengwe kwa ajili ya wanyamapori, akaacha kulima, kukata miti na kuchunga mifugo humo kiholela, amepata nini kwa uamuzi huo?

Jibu halipatikani katika hotuba wala katika idadi ya watalii wanaoingia nchini. Linapatikana katika hesabu za jumuiya husika, na hesabu hizo huwa na maana pale tu zinapowekwa mezani, zikasomwa, zikaulizwa maswali na kupelekwa hadi kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Msingi wa kisheria

Kwa miaka mingi usimamizi wa wanyamapori nchini ulikuwa mikononi mwa Serikali peke yake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 12 ya 1974 iliweka mapori ya akiba na mapori tengefu, ikapanga leseni za uwindaji na adhabu kwa wavunja sheria, lakini haikumpa mwanakijiji nafasi ya kusimamia wanyama waliokuwa wakipita shambani kwake. Sera ya Wanyamapori ya 1998 ndiyo iliyobadili mwelekeo huo kwa kutamka kuwa wananchi wanaoishi na wanyamapori wapewe wajibu wa kuwalinda pamoja na haki ya kunufaika nao. Kanuni za kuanzisha maeneo ya hifadhi ya jamii zikafuata mwaka 2002, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 ikayapa maeneo hayo nafasi yake ndani ya sheria mama. Kanuni zenyewe zimefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja tangu wakati huo.

Utaratibu wa kuanzisha jumuiya ni mrefu, na urefu huo una sababu. Kwanza mkutano mkuu wa kijiji huridhia. Kijiji huandaa mpango wa matumizi ya ardhi unaoonyesha eneo la makazi, la kilimo, la malisho na la wanyamapori. Vijiji vinavyopakana huungana na kuunda chombo cha pamoja chenye katiba, kinachosajiliwa kisheria. Chombo hicho huomba kuidhinishwa, na baada ya kutangazwa katika Gazeti la Serikali hupewa haki ya matumizi ya wanyamapori. Hadi sasa zaidi ya jumuiya 20 zimepata haki hiyo, katika maeneo yanayopakana na hifadhi za taifa na mapori ya akiba: Ikona mkoani Mara, Makao mkoani Simiyu, Enduimet mkoani Arusha, Burunge mkoani Manyara, Ipole mkoani Tabora, Nalika mkoani Ruvuma na nyinginezo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ardhi hiyo inabaki kuwa ardhi ya kijiji. Jumuiya ni msimamizi aliyetumwa na wenye mali, na aliyetumwa hana budi kurudisha taarifa kwa aliyemtuma. Huo ndio msingi wa mkutano mkuu wa mwaka.

Funzo la awali kutoka Iringa

Kabla ya kanuni za 2002, vijiji vya tarafa za Idodi na Pawaga, vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa Ruaha, vilikuwa vimekwisha kuonja utaratibu huu. Katika miaka ya 1990, kupitia miradi ya ushirikiano kati ya Serikali na wafadhili, vijiji hivyo vilipewa mgao wa wanyama wa kuwindwa kwa ajili ya wenyeji. Badala ya kuwinda wenyewe kwa mgao wote, vilianza kuuza sehemu ya mgao kwa ushindani kwa wawindaji wenye leseni kutoka mjini Iringa. Fedha zilizopatikana zilikwenda kwenye mifuko ya vijiji na kugharimia mahitaji kama ujenzi wa madarasa. Kutokana na uzoefu huo ilizaliwa jumuiya ya MBOMIPA, jina linalotokana na maneno Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, yenye vijiji 21.

Uzoefu huo ulionyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mnyama mmoja aliyewindwa kihalali, kwa leseni na ndani ya mgao, anaweza kuwa na thamani kwa kijiji kizima, wakati mnyama aliyenaswa kwenye mtego wa waya humnufaisha mtu mmoja kwa siku moja. Sheria inakataza mitego ya nyaya, mashimo na sumu kwa sababu ya ukatili wake na kwa sababu mtego hauchagui: hunasa jike lenye mimba sawa na dume lililozeeka, na kuvuruga hesabu ambayo mgao wa mwaka unaofuata hutegemea. La pili ni kwamba wananchi hufuatilia matumizi ya fedha wanapojua ni kiasi gani kilipatikana na kwa mauzo gani. Mnada wa hadhara haukuacha nafasi kubwa ya minong'ono.

Fedha zinavyotoka na zinavyogawanywa

Vyanzo vikuu vya mapato ya jumuiya ni viwili. Kimoja ni uwindaji wa kitalii, ambapo mwekezaji hulipia kitalu na hulipa ada kwa kila mnyama anayewindwa ndani ya mgao, msimu unapoanza kila mwezi Julai. Cha pili ni utalii wa picha, ambapo wageni hulipa ada ya kuingia na ya kulala, na wenye kambi na hoteli hulipa kwa mujibu wa mikataba. Sehemu ya ada za uwindaji hubaki kwa taasisi za Serikali zinazogharimia ulinzi na usimamizi, ikiwamo Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), iliyoanzishwa mwaka 2014 na kuanza kazi kikamilifu Julai 2016. Sehemu nyingine hurejeshwa kwa jumuiya.

Kilichofika kwenye akaunti ya jumuiya nacho hakitumiki kwa mapenzi ya viongozi. Kanuni ziliweka viwango vya chini: angalau asilimia 15 ya mapato ghafi itumike kuendeleza rasilimali yenyewe, angalau asilimia 50 iende kwenye vijiji wanachama, na angalau asilimia 25 iimarishe uendeshaji wa jumuiya. Anayejumlisha viwango hivyo hupata asilimia 90. Asilimia 10 inayobaki haikupangiwa kazi maalumu, na matumizi yake yanahitaji uamuzi wa jumuiya yenyewe. Ni fungu dogo, lakini kwa kuwa halina kazi iliyotajwa, ndilo rahisi zaidi kupotea bila mtu kuuliza.

Mfano wa hesabu unasaidia kuona uzito wa suala hili. Tuseme jumuiya imeingiza shilingi milioni 200 kwa mwaka. Milioni 30 zitaendeleza rasilimali, milioni 100 zitakwenda vijijini, milioni 50 zitaendesha jumuiya na milioni 20 zitasubiri uamuzi. Jumuiya hiyo ikiwa na vijiji 10 na mgawo ukiwa sawa kwa sawa, kila kijiji kitapata milioni 10. Kijiji chenye wakazi 2,500 kitakuwa kimepata sawa na shilingi 4,000 kwa kila mkazi. Ikiwa jumuiya ina askari wa wanyamapori wa vijiji 20, kila mmoja akilipwa shilingi 150,000 kwa mwezi, mishahara peke yake itachukua milioni 36 kati ya zile milioni 50 za uendeshaji, na mafuta ya gari la doria, sare, ofisi na vikao vitategemea milioni 14 zilizosalia.

Idadi ya vijiji nayo hubadili picha. Zile milioni 100 zikigawanywa kwa vijiji vinne, kama ilivyo kwa Ipole, kila kijiji kitapata milioni 25. Zikigawanywa kwa vijiji 21, kama vya MBOMIPA, kila kimoja kitapata pungufu ya milioni tano. Kwa hiyo kulinganisha jumuiya mbili kwa mapato ya jumla pekee kunaweza kupotosha.

Hesabu hizi zinafundisha kuwa fedha za wanyamapori, zikitazamwa kama posho ya mtu mmoja mmoja, ni kidogo. Thamani yake huonekana pale zinapounganishwa na kuelekezwa kwenye jambo moja linaloonekana, kama kukamilisha zahanati, kuchimba kisima, kulipia madawati au kuwakatia kaya bima ya afya. Zinafundisha pia kuwa kupotea kwa milioni mbili au tatu katika jumuiya ni pengo linalohisiwa na kijiji kizima.

Upande wa gharama

Mwananchi anayeishi jirani na hifadhi hubeba gharama ambazo hazionekani kwenye taarifa ya fedha. Tembo wakiingia shambani usiku mmoja wanaweza kumaliza chakula cha familia cha mwaka mzima. Simba na fisi hushambulia mifugo, na wakati mwingine watu hupoteza maisha. Kanuni za 2011 ziliweka utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na mifugo na kifuta machozi kwa majeruhi na familia za waliofariki. Majina hayo yalichaguliwa kwa makusudi: malipo hayo ni mkono wa pole na si fidia inayolingana na hasara yote.

Ndiyo maana suala la haki katika mgawo haliwezi kukwepwa. Katika baadhi ya jumuiya, kijiji kilichotoa eneo kubwa, au chenye kambi ya watalii ndani ya mipaka yake, hupata sawa na kijiji kilichotoa eneo dogo. Kijiji kinachoshambuliwa na tembo kila msimu hupata sawa na kile ambacho tembo hawajafika kwa miaka. Mgawo sawa una faida yake, kwani ni rahisi kuelewa na hulinda umoja, lakini hoja ya kijiji kinachobeba mzigo mzito nayo ni ya haki. Kanuni zimesema vijiji vipate angalau nusu ya mapato. Namna ya kuigawa nusu hiyo ni mazungumzo ya wanachama, na mahali pake ni mkutano mkuu, kwa kupiga kura na kuandika muhtasari, kabla manung'uniko hayajageuka mgogoro wa kijiji kutaka kujiondoa.

Soko lililo mbali

Mapato ya uwindaji wa kitalii hutegemea pia maamuzi yanayofanyika nje ya mipaka ya nchi. Sensa ya anga ilionyesha kuwa tembo nchini walipungua kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000 mwaka 2014 kutokana na wimbi la ujangili. Aprili 2014 Marekani ilisitisha uingizaji wa nyara za tembo waliowindwa Tanzania. Desemba 2015 nchi hiyo ilitangaza kumweka simba chini ya sheria yake ya viumbe walio hatarini, hatua iliyofanya kibali cha kuingiza nyara zake kuwa kigumu zaidi. Mwaka huohuo wa 2015 Australia ilipiga marufuku nyara za simba. Machi 2023 Bunge la Makabwela la Uingereza lilipitisha muswada wa kuzuia uingizaji wa nyara za uwindaji. Muswada huo ulikwama baadaye mwaka huohuo bila kuwa sheria, lakini ulionyesha upepo unakoelekea.

Utalii wa picha nao haukosi misukosuko. Idadi ya watalii wa kimataifa walioingia nchini ilishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020 kutokana na janga la UVIKO-19. Jumuiya ambazo hazikuwa na akiba zilijikuta na askari wasiolipwa na magari yasiyo na mafuta, huku wanyama wakiendelea kuhitaji ulinzi.

Hapa ndipo ile asilimia 10 isiyopangiwa kazi inapopata maana mpya. Jumuiya yenye busara huifanya akiba ya mwaka mbaya, au huiwekeza kwenye vyanzo vingine. Ukanda wa miombo wa Tabora una historia ndefu ya ufugaji wa nyuki, na asali ni mazao yanayovunwa bila kuondoa mti wala mnyama. Kanuni za biashara ya nyamapori zilizotolewa mwaka 2020 zimefungua njia ya mabucha yaliyosajiliwa kuuza kitoweo hicho kihalali. Hakuna chanzo kimoja kati ya hivyo kitakachochukua nafasi ya utalii kwa mara moja, lakini kutegemea mguu mmoja ni kusubiri kuanguka.

Kilichotokea Wami Mbiki

Mfano wa Wami Mbiki, katika mikoa ya Morogoro na Pwani, unapaswa kusomwa na kila jumuiya. Vijiji 24 viliungana kuhifadhi eneo hilo. Chama cha Wawindaji cha Denmark, kwa fedha za misaada za nchi hiyo, kiliwasaidia kwa miaka kadhaa kujenga uwezo, kuweka askari na kununua vifaa. Ulikuwa uhusiano wa aina yake, wawindaji wa Ulaya wakisaidia wanavijiji wa Afrika kulinda wanyama. Lakini ufadhili ulipokwisha, mapato ya ndani hayakutosha kugharimia ulinzi. Doria zilipungua, na uchomaji mkaa, uingizaji wa mifugo na ujangili vikaongezeka. Hatimaye eneo hilo lilipandishwa hadhi kuwa pori la akiba, na leo liko chini ya usimamizi wa TAWA.

Kwa upande wa uhifadhi, hatua hiyo imeokoa eneo lililokuwa likipotea. Kwa upande wa wananchi, fursa ya kusimamia na kunufaika moja kwa moja kama wamiliki imeondoka. Jumuiya inayoshindwa kujiendesha haibaki ilivyokuwa. Ardhi yake itavamiwa au itapata msimamizi mwingine, na dalili za kushindwa huanza kuonekana kwenye vitabu vya hesabu miaka mingi kabla hazijaonekana porini.

Mambo ya kudai mezani

Mkutano mkuu wenye manufaa hauhitaji gharama kubwa. Unahitaji karatasi chache zilizoandikwa kwa lugha inayoeleweka. Ya kwanza ni orodha ya mapato yote ya mwaka kwa chanzo chake, ikionyesha kiasi kilichotarajiwa kwa mikataba na kiasi kilichopokelewa. Ya pili ni mgawanyo wa mapato hayo kwa asilimia, ukilinganishwa na viwango vya kanuni. Ya tatu ni taarifa ya wanyama: mgao uliotolewa, waliowindwa, mitego iliyoondolewa na matukio ya wanyama wakali na waharibifu kwa kila kijiji. Ya nne ni kumbukumbu ya maazimio ya mwaka uliopita, kila azimio likiwa na maelezo kama limetekelezwa au la.

Wajumbe nao wana wajibu wa kuzirudisha karatasi hizo nyumbani. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni chombo cha kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na hupaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, ukipokea taarifa za mapato na matumizi. Fedha za wanyamapori zilizoingia kijijini ni sehemu ya taarifa hiyo. Mjumbe anayehudhuria mkutano wa jumuiya na kurejea bila kutoa taarifa amefanya nusu ya kazi.

Mwananchi ambaye hakuridhika hakosi njia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa haki ya kuomba taarifa kwa maandishi kwa mamlaka ya umma, nayo inapaswa kumjibu ndani ya siku zisizozidi 30. Afisa wanyamapori wa wilaya na ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri ni milango ya kwanza ya kubisha, na Bodi ya Ushauri ya Maliasili ya Wilaya ipo kwa ajili ya kuzishauri jumuiya. Kwa upande wake, Serikali inapohimiza jumuiya ziwe wazi, nayo hutarajiwa kurejesha mgawo wao kwa wakati na kwa maelezo yanayoonyesha kila malipo yametokana na nini, ili taarifa ya mkutano mkuu iweze kukamilika.

Kabla ya msimu mwingine wa uwindaji kufunguliwa mwezi Julai, vijiji wanachama vina muda wa kutosha kuitisha mikutano yao, kuchagua wajumbe wanaoweza kusoma hesabu na kuwatuma na maswali yaliyoandikwa. Zaidi ya miaka 20 tangu kanuni za kwanza zitolewe, sheria zimekwisha kusema nani ana haki gani. Kilichobaki kwa kila kijiji ni kujua idadi ya shilingi zilizoingia kwa jina lake mwaka huu na kazi zilizofanya.